Masika ya Doa Jeusi

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza leo, na kama kawaida Kitengela imejifanya kushangaa. Kutoka lango la chuo hadi jengo letu ni tope jeusi tupu, lile linaloshika kiatu likakataa kukirudisha. Nimeingia maabara kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi. Bwana Wangila, fundi wetu wa mashine, amenitazama juu hadi chini akasema, "Daktari, leo umekuja nusu." Mimi si daktari. Nasomea shahada ya pili, na ananiita hivyo kunichokoza tu.

Nimeamua kuandika humu mpaka mvua iishe, kwa maana itakapoisha tutakuwa tumeshajua letu. Tumeambiwa kwamba tarehe ishirini na mbili Mei jopo litatutembelea kutoka makao makuu ya chuo. Tukiwaonyesha safu za atomi papo hapo, kwa macho yao, za kitu tulichotengeneza wenyewe, hadubini yetu ya elektroni inabaki hapa. Tukishindwa, itafunguliwa vipande na kupelekwa mjini, ambako foleni ya wanafunzi haina mwisho. Ufadhili wangu unaisha Julai. Mashine ikienda, masomo yangu yameenda nayo.

Sina wasiwasi. Picha zetu za Januari zilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Jumatano, 26 Machi

Baba ameniuliza tena, tukila, hiyo mashine kazi yake ni nini hasa. Baba yangu, Mwalimu Lazarus Obura, amefundisha hesabu tangu kabla sijazaliwa na hapendi jibu la kuzunguka mbuyu. Nikamwambia kwamba hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga ni mnene mno kwa vitu vidogo sana. Ni kama kutunga ushanga kwa kamba ya ng'ombe. Yetu hutumia elektroni. Tunaondoa hewa yote ndani yake, tunapitisha mwale wa elektroni kwenye punje ndogo, na kinachotoka upande wa pili kinatuonyesha jinsi atomi zilivyojipanga.

"Na hizo punje ni za nini?"

"Mifupa ya ng'ombe."

Mama akaweka kijiko chini. Ikabidi nieleze yote. Maji ya visima vingi vya Kajiado yana floraidi nyingi, ndiyo maana watoto wengi huko wana meno ya kahawia. Mifupa ikichomwa kwa hewa kidogo hugeuka makaa, na makaa hayo hunyonya floraidi kutoka kwenye maji. Kikundi chetu kinatafuta ni punje za namna gani, zilizochomwa kwa moto gani, zinazonyonya vizuri zaidi. Tanuru letu liko nyumbani kwa kina Parmuat, mwenzangu anayesomea uzamivu, upande wa Kajiado. Mama yake ndiye mchomaji, na sote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, kama anavyomwita mwanawe.

"Kwa hivyo nimelipa karo miaka hiyo yote uangalie mifupa," Baba akasema. Lakini baadaye nilimsikia akimweleza jirani kwenye simu, na hakuruka hata neno.

Jumatatu, 31 Machi

Parmuat ameleta makaa mapya. Anasema tangu Yeyo asikie kuna wageni wakubwa wanakuja kuona kazi yake, amekuwa hashikiki. Vichupa vyetu amevijaza mwenyewe ndani ya nyumba na kumkataza mtu yeyote kumsaidia.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimepata punje nzuri sana. Nikasogea karibu, nikatulia, nikashusha pumzi ili nipige picha. Pale mwale ulipotua pakaanza kuwa peusi. Nikadhani ni macho yangu. Nikahamia punje nyingine, nayo ikaanza vilevile, doa jeusi la duara likinenepa huku naliangalia, mpaka punje yenyewe ikazikwa humo.

Tunalijua doa hilo kwa sifa zake. Ni mafuta. Chembe za mafuta zikiingia ndani, mwale huzikamata na kuzibandika palepale unapotua, zikawa masizi. Yaani kadiri unavyotaka kuona ndivyo unavyojifunika macho. Kidole kimoja chenye mafuta kikigusa kishikio cha sampuli, wiki yako imekwenda.

Niligeuka polepole nikaitazama mikono ya Bwana Wangila.

Alhamisi, 3 Aprili

Lazima niieleze mikono hiyo. Inang'aa. Bwana Wangila hujipaka milking jelly, ile ya kukamulia ng'ombe, asubuhi, saa nne, baada ya chakula na kabla ya kwenda nyumbani. Kopo lake hukaa kwenye mfuko wa koti.

"Mimi huvaa glavu," akasema.

"Na hizo glavu unazivaa na mikono ipi? Si hiyo hiyo?"

"Whitney, mimi ni mzee wa kanisa. Nikisalimia watu na mikono imepauka, watasema huyu ametoka kusiaga mahindi."

"Ni mpaka jopo lije tu."

"Na wewe je? Hiyo mafuta yako ya nazi inanukia mpaka kwa gate."

Parmuat, ambaye alikuwa anacheka tangu mwanzo, akakata shauri. Hakuna atakayejipaka kitu chochote mpaka picha zirudi kuwa safi. Tumekubaliana sote watatu. Bwana Wangila amelifungia kopo lake kwenye kabati kama mtu anayezika.

Ijumaa, 4 Aprili

Doa.

Jumatatu, 7 Aprili

Stima imepotea tangu asubuhi. Hewa imeingia kwenye mashine na itatubidi kuanza upya kuiondoa, kazi ya siku kadhaa. Mvua haijanyamaza.

Ijumaa, 11 Aprili

Doa. Tumepauka bure.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani Mama amenishika mkono wakati wa wimbo, akaugeuza, akauangalia kama anayenunua samaki.

"Nyathina, mwanangu, nyumbani kwangu mafuta yameisha?"

Nikamnong'onezea kwamba ni mambo ya utafiti. Akaninong'onezea kwamba kule kwetu Siaya hata mtu aliyefiwa hupakwa mafuta. Kisha wakati wa matangazo akatoa kichupa kwenye mkoba na kunipaka kwa nguvu mpaka kwenye viwiko, mbele ya akina mama wote wa mstari wetu. Nimetoka ibadani naonekana kama mwenye kwao. Kesho sitagusa mashine, nitaosha sampuli tu, na Parmuat hataambiwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Doa tena, na leo nimekosa adabu. Nilimwona Bwana Wangila akinyoosha mkono kuchukua bisibisi na kiwiko chake kikametameta. Nikamwambia mbele ya wanafunzi wa mwaka wa nne kwamba kuna watu hawataki kazi hii ifaulu.

Aliiacha bisibisi. Alikunja mikono ya koti, akaiweka mikono yake juu ya meza chini ya taa. Imepasuka kwenye vifundo, imekuwa ya kijivu kama barabara ya changarawe wakati wa kiangazi. Kiwiko kilikuwa kimelowa mvua tu. "Pasaka naenda Bungoma," akasema. "Nitamsalimia mama yangu na mikono hii." Akaendelea na kazi yake.

Nimejisikia mdogo kuliko punje zenyewe. Nilitaka kumwomba msamaha lakini nikaishia kumletea chai. Akainywa.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Doa. Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Msimamizi wetu, Daktari Jacinta Ndolo, amerudi kutoka Kisumu alikokuwa akifundisha. Ametukuta tumekaa kama watu wa matanga. Akasikiliza habari yote ya mafuta, akatazama mikono yetu mmoja baada ya mwingine, akauliza swali moja.

"Mmejaribu dhahabu?"

Dhahabu ni sampuli yetu ya kupimia, vijipunje vya dhahabu ambavyo tunajua vinapaswa kuonekanaje. Iko moja tu na hukaa kwenye droo ya Daktari Ndolo.

"Droo ulikuwa umeifunga," nikasema.

"Nilikuwa na simu. Mngenipigia."

Mwezi mzima tumekuwa tukikaguana viwiko.

Jumatano, 30 Aprili

Dhahabu imeonekana safi. Nimeuacha mwale palepale mpaka nikachoka mimi, na doa halikutokea. Mashine ni ileile, kishikio ni kilekile, na aliyeiweka sampuli ndani ni Bwana Wangila. Basi uchafu haukutoka mikononi. Ulikuja na makaa yenyewe.

Bwana Wangila aliinuka. Alienda kwenye kabati, akatoa kopo, akakaa kwenye kiti mbele yangu, akajipaka kidole kwa kidole huku akinitazama. Alipomaliza akanisukumia kopo. Nilijipaka pia, nikamwambia pole, na safari hii pole ilitoka.

Ijumaa, 2 Mei

Leo imekuwa siku ndefu na nzuri.

Parmuat na mimi tumekwenda kwao kwa pikapu ya mjomba wake. Baada ya Isinya mvua ilikatika, na nyanda zote zilikuwa kijani mpaka unasikia njaa kwa niaba ya ng'ombe. Yeyo alitusubiri mlangoni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha mvua.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu, na akacheka kwa sababu bado naisema kwa lafudhi ya Kijaluo.

Ng'ombe wamepata nyasi, kwa hivyo kulikuwa na chai ya maziwa matupu. Nilipoionja niliisikia ile ladha ya moshi ninayoipenda kwake. Nikamuuliza anaifanyaje, ili tu kumfurahisha, kwa maana nilishajua kidogo. Akanionyesha. Alichukua kibuyu kitupu, akatoa kijinga cha mti wa oloirien kwenye moto, akakiingiza ndani kikiwa bado chekundu, akakisugua pande zote huku moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu. Kisha akakung'uta majivu. Maziwa yakiwekwa humo hayaharibiki haraka, na yananukia.

"Hivi ndivyo chombo inakuwa safi," akasema. "Siyo kuosha na maji tu."

Parmuat akamuuliza makaa ya wageni yako wapi, tuone yamebaki kiasi gani.

Yeyo akainuka kwa furaha, akaenda pembeni nyuma ya kitanda, akarudi amebeba kibuyu. Kilikuwa kikubwa, kimepambwa kwa ngozi na shanga shingoni, cha kutolewa siku za sherehe. Alikikumbatia kama mtoto. "Hapo mwanzo niliweka kwa mkebe ya plastiki," akasema. "Lakini niliposikia kuna watu wakubwa wanakuja, nikasema hapana. Hiki ni kibuyu cha mama yangu. Nimekitia moshi mara nyingi ndiyo kikuwe safi kabisa."

Nilihisi kicheko kikipanda kutoka tumboni. Kazi ya makaa ya mifupa ni kunyonya. Ndiyo sababu tunayataka. Tumeyatia ndani ya chombo kilichojaa moshi mbichi na lami ya mti, nayo yakafanya kazi yake kwa uaminifu, yakanyonya vyote. Chombo safi kuliko vyote katika nyumba ile ndicho kilichotuchafulia mwezi mzima, na kilitolewa kwa mapenzi.

Nilimtazama Parmuat. Alikuwa ameinama juu ya kikombe chake, mabega yakitikisika. Tulipotoka kuangalia tanuru tulicheka mpaka mbuzi wakasogea mbali. Kisha akafuta macho akawa makini.

"Usimwambie."

"Parmuat, lazima aache kuyaweka humo."

"Ni kibuyu cha nyanya yangu. Ukimwambia mbele ya watu kwamba kibuyu kilikuwa kichafu, ataacha kuchoma, na hatasema kwa nini."

Tukarudi ndani tukamwambia makaa ya maabara yameisha na haya ya kibuyuni hayatatosha, tunahitaji mengine mapya.

"Yote?" Yeyo akauliza. "Hii mashine yenu inakula kama ndama." Na alionekana amefurahi.

Jumatano, 7 Mei

Inanyesha Kajiado pia. Tanuru limelowa na kuni zimelowa. Yeyo amesema kwa simu kwamba mifupa haichomwi kwa maombi, tungoje.

Ijumaa, 9 Mei

Inanyesha. Nimeanza kuuchukia wimbo wa mabati.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Tumekwenda wote, hata Bwana Wangila na Daktari Ndolo. Bwana Wangila alipanda juu ya tanuru na kuliziba nyufa kwa udongo, huku akibishana na Yeyo kuhusu moto kana kwamba wamejuana tangu utoto. Walikuwa sawa wote wawili, ila Yeyo kwa sauti zaidi. Tulikula nyama, tukangoja tanuru lipoe, na mchana kutwa hapakuwa na tone.

Makaa yalipotolewa, meusi na makavu, nikamwona Yeyo akitoka nyumbani na kibuyu. Mdomoni mwa kibuyu bado mlikuwa na moshi.

Parmuat akajikuna sikio. "Yeyo, chuo kimenunua hizi chupa za kioo. Wamesema ni lazima zitumike."

"Lazima?"

"Ndiyo. Ni sheria mpya."

Yeyo alimtazama kwa muda, akazitazama chupa, akanitazama mimi. Nikajishughulisha na kufungua vifuniko. Mwishowe akakitundika kibuyu begani, akaingia ndani. Ilinikata kidogo, kusema kweli.

Jumatano, 14 Mei

Safi. Safi, safi, safi. Safu za atomi zimesimama kama mahindi yaliyopandwa na mtu mwenye kamba. Nimeziangalia, nimezihesabu, nimewaita wote. Bwana Wangila ameniinua kutoka kwenye kiti akanizungusha, mzee wa kanisa mzima. Daktari Ndolo amefunga mlango ili wanafunzi wasituone.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua na sikufungua mwavuli.

Alhamisi, 22 Mei

Jopo lilifika likiwa na tope mpaka magotini, jambo lililowapunguzia ukubwa, nami nikapumua. Mkuu wao ni Profesa Nyakio, mama mfupi anayeuliza kwa upole na kusubiri jibu kwa ukali. Yeyo alikuja na Parmuat, amevaa shuka jekundu na shanga zake zote, akaketi kiti cha mbele kabisa ambacho hakikuwa chake.

Stima ilicheza mara moja, ikayumba, ikabaki. Nikaingiza sampuli. Bwana Wangila akasimama karibu na bega langu bila kunigusa. Nikatafuta punje, nikatulia, na kwenye skrini kubwa safu zikatokea. Nikauacha mwale palepale kusudi. Hakuna kilichokuwa cheusi. Nilimsikia mmoja wa wageni akiguna kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi.

Nilidhani tumemaliza. Kisha Profesa Nyakio akafungua ripoti yetu.

"Januari kuna picha. Mei kuna picha. Aprili nzima hakuna hata moja. Kulitokea nini?"

Daktari Ndolo akanitazama mimi, kwa sababu Aprili ilikuwa yangu. Parmuat akatazama sakafu. Yeyo alikuwa ameketi wima, mikono mapajani.

Ningeweza kusema ni stima. Wangeamini, nani Kitengela hataamini kwamba ni stima? Lakini hawa watu walikuwa wamekuja kujua kama tunaweza kukabidhiwa mashine, na mtu anayeficha kilichoharibu picha zake hawezi kukabidhiwa hata taa.

"Sampuli zilichafuka, profesa," nikasema. "Zilinyonya moshi. Zilihifadhiwa katika chombo kilichosafishwa kuliko mashine yetu inavyoweza kustahimili."

"Sijaelewa. Chombo gani?"

Parmuat akapeleka mkono sikioni.

"Ni kibuyu yangu," Yeyo akasema.

Kila mtu akamgeukia. Hakuinuka. "Nilitia moshi ndani ndiyo kikuwe safi. Sasa mashine haitaki moshi. Hawa watoto waliogopa kuniambia, wakaniletea chupa na sheria ya uongo." Akamnyooshea mwanawe kidole. "Huyu akidanganya anajikuna sikio tangu akiwa anachunga ndama. Nilijua siku hiyo hiyo."

"Yeyo," Parmuat akaanza.

"Mngeniambia tu. Mimi siyo mashine. Neno moja haiwezi kuniharibu."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Profesa Nyakio, ambaye alitoa miwani akaifuta mara mbili. Kisha akamsogelea Yeyo, akaketi kando yake, akamuuliza juu ya oloirien na moshi na moto wa tanuru, na wakazungumza mpaka chai ikapoa. Nilijifuta macho kwa mkono wangu uliopakwa mafuta vizuri, na macho yakawasha, na sikujali.

Alipokuwa akiondoka, profesa aliniambia, "Habari ya kibuyu iandike kwenye tasnifu. Yote."

Jumatatu, 26 Mei

Hawajasema kitu bado. Mvua imepungua. Bwana Wangila amejipaka mafuta mara tano kabla ya chakula, na ninamwelewa.

Ijumaa, 30 Mei

Inabaki.

Daktari Ndolo alikata simu, akatuambia kwa neno hilo moja, akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo. Mashine inabaki Kitengela. Nami namaliza. Nimempigia Baba shuleni, akaniacha hewani akaenda kuwatangazia walimu wenzake, na kwa simu nikawasikia wakipiga makofi.

Mchana Parmuat akaingia na mzigo kutoka nyumbani. Kulikuwa na chupa ya kioo iliyojaa makaa mapya, imefungwa barabara, na kile kibuyu cha nyanya yake, kizito, kimejaa maziwa. Yeyo alikuwa ametuma na maneno, na Parmuat aliyasema bila kujikuna popote.

"Chupa ni ya mashine. Kibuyu ni ya watu. Msichanganye tena."

Tumeyanywa maziwa ofisini, mbali na mashine, katika vikombe vya chai, mpaka kibuyu kikawa chepesi. Yalinukia moshi. Nje jua lilikuwa limetoka na tope lilianza kukauka. Bwana Wangila amenawa mikono, akajipaka mafuta, akakibeba kibuyu mwenyewe mpaka kwenye gari.